Ufunguo wa Stoo: Mwongozo wa Kukua katika Unyenyekevu na Imani

Jumapili ile ilikuwa ya harambee ya kuezeka paa. Mimi ndiye niliyehangaika na mahema. Mimi niliyemfuata mwenye jenereta usiku mpaka Kisauni. Mimi niliyeazima viti kwa kanisa jirani vya wetu vilipopungua. (Hizo "mimi" nimeziacha makusudi, uzione.) Mwenyekiti akashika kipaza sauti, akashukuru kwaya, akashukuru kina mama wa jikoni, akamshukuru hata kijana wa bodaboda aliyeleta barafu. Nikangoja. Akamalizia kwa "na wengine wote ambao muda hautoshi kuwataja", watu wakapiga makofi, nami nikatoka kwa mlango wa pembeni kabla ya sala ya kufunga. Nilifika steji bado natetemeka.

Jumapili mbili zilizofuata sikuonekana. Wiki ya tatu mlinzi wa kanisa, mzee wa makamo ya baba yangu, akanipigia simu. Nikajiweka sawa, nikijua anakuja kunibembeleza. Hakubembeleza. Aliuliza, "Mwanangu, ufunguo wa stoo unao wewe? Tangu siku ya harambee viti vyetu vimefungiwa ndani, na watu wanakaa mikekani." Nikapapasa suruali ya Jumapili iliyokuwa ikining'inia nyuma ya mlango. Ulikuwemo, na kamba yake nyekundu.

Nilimuuliza mbona hawakunipigia mapema. Akanyamaza kidogo, kisha akasema watu waliogopa nitaudhika.

Mimi si mchungaji. Nafanya kazi ya kutolea watu mizigo bandarini, na ninachokiandika hapa ni yale niliyojifunza tangu simu hiyo, kwa mpangilio ambao ningependa mtu angenipa wakati ule. Kama umemwomba Mungu unyenyekevu miaka mingi na bado unakasirika usiposalimiwa, huenda utafaidika.

Kabla ya kuanza: jambo moja la kusoma

Fungua Mathayo 8, kisha Mathayo 15. Katika Injili hiyo Yesu anawasifu watu wawili kwa ukubwa wa imani yao, na wote wawili ni watu wa nje. Mmoja ni akida wa jeshi la Kirumi, mtu wa kuamrisha. Anamwambia Yesu kwamba hastahili aingie chini ya dari yake, aseme neno tu na mtumishi wake atapona. Ndugu zetu Wakatoliki wanayasema maneno yanayofanana na hayo katika kila misa kabla ya kukomunika, na nimeanza kuwaonea wivu kwa hilo. Wa pili ni mama Mkanaani. Anaambiwa si vizuri kuwatupia mbwa chakula cha watoto, na badala ya kususa kama nilivyosusa mimi, anajibu kwamba hata mbwa hula makombo yaangukayo mezani pa bwana zao. Yesu anamwambia, "Mama, imani yako ni kubwa."

Wanafunzi, waliolala na kuamka naye, mara kwa mara wanaitwa "wa imani haba". Hao ndio waliokuwa wakibishana njiani nani mkubwa.

Mimi nilikuwa nimeviweka vitu hivi katika mafungu mawili: imani ni ya kesha na mfungo, unyenyekevu ni tabia nzuri ya wapole. Ukisoma Luka 17 utaona mafungu hayo hayapo. Mitume wanaomba, "Tuongezee imani." Yesu anawajibu kwa punje ya haradali, halafu bila hata kupumua anaingia kwenye habari ya mtumwa anayerudi shamba amechoka, akaambiwa apike kwanza na kumhudumia bwana wake, na hapati ahsante. Zamani nilidhani aya zile zimebandikwa pale kwa bahati mbaya. Sasa nadhani ndilo jibu la ombi lao.

Hatua ya 1: Andika panapouma

Usianze kwa kuomba unyenyekevu. Anza kwa kujua kiburi chako kinakaa wapi, maana si kila mtu anacho mahali pamoja. Mwingine kimekaa kwenye elimu, mwingine kwenye watoto wake, mwingine kwenye kufunga siku nyingi kuliko wenzake.

Chukua daftari, kurasa za nyuma, na kwa siku saba andika kila jambo lililokuchoma. Usijieleze, andika mstari mmoja tu. Kurasa zangu za wiki ya kwanza zilikuwa hivi:

Jumatatu. Kijana wa ofisi ya pili kaniita "wewe" mbele ya mteja.
Jumanne. Feri ya Likoni, mwenye mkokoteni kanikanyaga kiatu, hata samahani hakuna.
Jumatano. Mke wangu kamuuliza fundi wa bomba swali ambalo ningelijibu mimi.
Alhamisi. Ujumbe wangu kwenye kundi la wazee haukujibiwa na mtu. Wa mwenzangu, dakika mbili baadaye, umejibiwa na tisa.

Ya Ijumaa na Jumamosi nayaacha. Wiki ikiisha, soma yote kwa mkupuo. Mimi nilicheka, halafu nikaona haya. Katika mistari yote hakuna hata mmoja nilipopoteza shilingi wala ngozi. Kila kilichouma kilikuwa jina langu, kwamba halikushikwa kwa mikono miwili. Na feri ndiyo mwalimu mkali kuliko wote hapa mjini, kwa sababu anayevuka kwa miguu havukishwi kwa cheo: mwenye tai na mwenye ndoo ya samaki wanasukumana kwenye mteremko ule ule, wanalowa jasho lile lile la Februari. Kama unavuka kila siku, huhitaji kutafuta mahali pengine pa kufanyia zoezi hili.

Hatua ya 2: Sala fupi, kwa wakati wako

Hapa sitakaa sana, maana wengi mnaijua kuliko mimi. Mtoza ushuru katika Luka 18 aliomba sentensi moja: "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi." Baba wa kijana katika Marko 9 naye sentensi moja: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Chukua hizo mbili, moja ya unyenyekevu na moja ya imani, uanze nazo kila siku. Kisha msomee Mungu mstari mmoja wa daftari lako, kama ulivyo, bila kuupamba.

Kuhusu wakati: wengi wetu Mombasa tunaamshwa na adhana ya alfajiri tukitaka tusitake. Nilikuwa nikigeukia ukutani na kuvuta shuka masikioni. Siku moja nikasikia bomba la jirani likifunguliwa, mzee anatawadha, kisha kandambili zake zikaburura kwenye kokoto kuelekea msikitini. Gizani, peke yake, hakuna wa kumpigia makofi. Nikajiuliza mimi Mkristo ninayejua kuomba mbele ya watu mia tatu, mara ya mwisho niliamka lini kwa ajili ya Mungu pasipo mtu kujua? Tangu hapo adhana ni saa yangu pia. Yeye anakwenda kwake, mimi nakaa kitako ukingoni mwa kitanda, dakika kumi.

Baada ya sala soma sura moja ya Luka kwa sauti. Zipo 24, kwa hiyo haitafika mwezi. Kwa sauti, kwa sababu Warumi 10 inasema chanzo cha imani ni kusikia, na masikio yako nayo yana haki ya kulisikia Neno kutoka kwenye kinywa kinachosengenya.

Hatua ya 3: Tafuta kazi isiyo na kipaza sauti

Kama utafanya hatua moja tu katika mwongozo huu, fanya hii. Unyenyekevu haukuja kwangu kwa kuufikiria. Kila nikiufikiria nilijikuta nafikiria jinsi nitakavyoonekana nikiwa mnyenyekevu. Uliingia kwa mikono.

Nilipopeleka ufunguo, mzee mlinzi hakunihubiria. Siku hiyo kulikuwa na chakula cha wageni kutoka parokia nyingine, na masufuria yalikuwa yamerundikwa nyuma ya kanisa chini ya mkorosho. Akaliangalia shati langu la mikono mirefu. "Una haraka?" Nikasema sina. Akanipa kumbi la nazi.

Sufuria la pilau ya watu mia mbili lina mdomo mpana kiasi kwamba mtu mzima anaingiza kichwa na mabega. Ukoko ulikuwa umeshika chini kama lami. Mzee akanionyesha: tia maji ya moto, acha ulainike wakati unaosha sahani, kisha jivu na mchanga kidogo, kumbi mkononi, na usisugue kwa nguvu za bega, zungusha kwa kiganja. Nikasugua kwa bega. Robo saa baadaye shati lilikuwa limenishika mgongoni na nilikuwa nimetakasa sehemu isiyozidi sahani ya chai. Mzee hakusema kitu. Alihamia upande wa pili wa sufuria, akainamia humo, na tukasugua vichwa vikikaribia kugongana.

Nikaanza kumsimulia nilivyohangaika na mahema. Ukiongea ndani ya sufuria tupu, sauti yako inakurudia, kubwa na ya bati. Nilijisikia nikisema "mimi" mara ya tatu, nikanyamaza. Tulimaliza bila mazungumzo. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame, na tunaupenda sana msemo huo mimbarani. Wasichotaja ni kwamba mvunguni kuna mende.

Jinsi ya kuchagua kazi yako:

Iwe ile ambayo ikifanyika vizuri hakuna anayeigundua, na isipofanyika kila mtu analalamika. Vyoo vya kanisa. Mitaro kabla ya masika ya Aprili. Kujaza mapipa Jumamosi jioni, maana bomba zetu hazitabiriki, na Jumapili asubuhi watoto watataka kunywa. Kupanga viti, kupangua viti.

Uwe chini ya mtu aliye mdogo kuliko wewe, kwa umri, kwa kisomo au kwa kipato, na umtii katika kazi hiyo. Sharti hili ndilo linalowaondoa wengi. Tunakubali kuosha vyoo ilimradi sisi ndio wenyekiti wa kamati ya vyoo.

Usipige picha. Hata ile ya "kumtukuza Mungu" usiiweke kwenye hali yako ya WhatsApp.

Fanya miezi mitatu. Mwezi wa kwanza utajihisi mtakatifu, wa pili utachoka na kuwaona wenzako wavivu, na wa tatu, Mungu akijalia, itakuwa ni kazi tu. Huo wa tatu ndio tunaoutafuta.

Hatua ya 4: Omba radhi bila "kama"

"Samahani kama nilikukosea." Sentensi hiyo tumeizoea, na haina kitu ndani. "Kama" inamtupia mwenzako kazi ya kuthibitisha kosa lako. "Lakini" ni mbaya zaidi: "Samahani, lakini na wewe..." Hapo umeshafungua kesi mpya.

Taja ulichofanya. Taja kilichompata kwa sababu yako. Nyamaza. Asiposamehe hapo hapo, usimwambie Biblia inamwamuru kusamehe. Hiyo ni kumkaba mtu shingo kwa aya. Nenda kwa miguu, usitume ujumbe, na uende kwanza kwa wale wasioweza kukudai radhi: dada wa kazi, askari wa getini, mtoto wako uliyemfokea mbele ya wenzake.

Nilikwenda kwa bibi mmoja anayeuza mahamri na mbaazi asubuhi karibu na steji yetu, mmoja wa waliokaa mikekani Jumapili zile mbili. Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha. Nikamwambia, "Shikamoo mama. Niliondoka na ufunguo kwa hasira, na wewe ukakaa chini na magoti yako yanakuuma. Nimekuja kuomba radhi." Akaendelea kugeuza mahamri, mafuta yanachemka, akasema, "Marahaba. Mimi mkekani nilikaa vizuri, baba. Hivyo viti vyenu vya plastiki vinanikata mapaja." Akanipa mahamri mawili kwenye karatasi, akamgeukia mteja mwingine.

Nilisimama pale kama mtu aliyeangushwa kutoka juu ya mnazi. Hata kosa langu halikuwa kubwa kama nilivyolidhania.

Hatua ya 5: Toa usijulikane, omba ujulikane

Yesu alisema katika Mathayo 6, utoapo sadaka mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume. Siku hizi ukituma kwa M-Pesa jina lako linamfikia mpokeaji kabla hujaweka simu mfukoni. Kwa hiyo ukitaka kumsaidia mtu, mpe mhazini taslimu kwenye bahasha, au lipa moja kwa moja dukani anakokopa unga, na umwombe mwenye duka afunge mdomo. Halafu jizuie kupita nyumbani kwake jioni kuangalia kama amefurahi.

Hilo ni gumu kwa wenye kupenda sifa. Lakini kwa wengi wetu kugumu zaidi ni kinyume chake, yaani kuomba. Kwenye ushirika wa nyumba kwa nyumba nilikuwa na ombi langu la kudumu: "Niombeeni safari" au "Ikumbukeni familia yangu." Maombi ya namna hiyo hayana mlango, huwezi kuingia ndani na kukuta nini kinaendelea. Ikafika wiki moja nikasema la kweli: karo ya mtoto sijamaliza, na nimemwambia mke wangu nimemaliza. Mke wangu alikuwa ameketi pembeni yangu.

Sitakudanganya kwamba mtu alitoa hundi. Nililipa karo ile kwa miezi minne, kidogo kidogo, na nyumbani tulikuwa na wiki mbili za baridi ambayo Mombasa haijawahi kuiona. Lakini baada ya watu kutoka, mzee mmoja tuliyemheshimu wote alibaki akikusanya vikombe polepole kuliko ilivyohitajika, mpaka tukabaki wawili, na akaniambia deni lake. Lilikuwa kubwa kuliko langu. Alikuwa nalo miaka mitatu, akiombewa safari.

Hatua ya 6: Imani ya kukaa

Siku utakapoona Mungu amechelewa, panda matatu ya Mazeras, kisha uingie barabara ya Kaloleni mpaka Rabai. Si mbali, asubuhi moja inatosha.

Mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Kabla mwaka haujaisha alikuwa amemzika mkewe na mtoto wao mchanga wa kike ng'ambo ya Nyali. Mwaka 1846 yeye na Johannes Rebmann wakaanza misheni Rabai. Miaka ikapita. Wa kwanza kubatizwa na misheni ile alikuwa Mringe, mtu mwenye ulemavu, na alibatizwa mwaka 1851 akiwa karibu kufa. Krapf aliondoka, Rebmann akabaki. Alikaa mpaka mwaka 1875, miaka 29, na alirudi kwao Ujerumani macho yakiwa yamekwisha. Hawakuwa malaika, na wao wawili hawakuelewana katika mambo yote. Lakini pima kwa kipimo cha harambee zetu: miaka mitano, mtu mmoja, naye yu kitandani. Ni mwenyekiti gani angesoma taarifa hiyo kwenye kipaza sauti?

Mimi nilikuwa nadhani imani ni ile nguvu unayoisikia kwenye kesha, ngoma zikipigwa. Nadhani sasa ni kitu kinachofanana zaidi na kubaki. Kwa hiyo zoezi la hatua hii ni dogo kama haradali: chagua ahadi moja unayoweza kuitimiza kila siku kwa siku arobaini bila kujali unajisikiaje. Mwombee kwa jina mtu usiyempenda. Au tembelea mgonjwa yule yule kila Jumatano. Ukikosa siku, usianze kujipiga kifua, endelea kesho yake.

Na iingie kazini. Kwangu ilikuwa ni makaratasi. Mteja wa miaka mingi alitaka niandike mzigo kuwa mwepesi kuliko ulivyo. Nilikataa, kwa sauti ya chini, huku tumbo linaniuma. Alichukua faili lake na kuondoka. Ungetegemea niseme mwezi uliofuata nilipata mteja mkubwa zaidi. Sikupata. Yule mteja hajarudi mpaka leo, na nikipita karibu na ofisi yake bado nahesabu kichwani ni kiasi gani nilikosa.

Tahadhari kabla hujaendelea

Kuna watu ambao mwongozo huu hauwahusu, au unawahusu kwa namna nyingine kabisa.

Ukitoka kisiwani kwa daraja la Nyali ukakata kuelekea Kisauni, unapita Kengeleni. Mahali pale pameitwa hivyo kwa sababu ya kengele ya Freretown, makazi ambayo wamisionari wa Kianglikana waliyaanzisha mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa utumwani. Leo watu wanasubiri matatu chini ya kengele hiyo, wengi bila kuiangalia. Mimi nikipita pale huwa naikumbuka ile Luka 17, "Sisi tu watumwa wasio na faida." Fikiria mstari huo ukisomwa kanisani Freretown, mbele ya watu ambao migongo yao ilijua mjeledi. Kwao neno "mtumwa" halikuwa picha ya mahubiri.

Kwa hiyo kuna unyenyekevu na kuna kudhalilishwa, na asiyejua tofauti atawaumiza watu kwa Biblia. Soma Yohana 13 taratibu: kabla Yesu hajashika kitambaa kuwaosha wanafunzi miguu, mwandishi anatuambia alijua kwamba Baba amempa vyote mikononi mwake. Aliyejua yeye ni nani ndiye aliyeinama. Hakuna aliyemwinamisha.

Mama anayepigwa na mumewe, akaambiwa na wazee anyenyekee, hajaambiwa Injili. Atafute mahali salama, aende polisi, aende hospitali, amwone mtu anayemwamini, na kanisa limsindikize. Dada wa kazi ambaye mshahara wake umezuiwa miezi miwili, akaambiwa na tajiri wake aliyeokoka kwamba Mkristo hadai, ameibiwa. Na muumini anayeuliza hesabu za harambee zimekwendaje, akajibiwa kwamba ana roho ya kiburi, aulize tena. Nasema hivyo nikiwa mmoja wa waliokuwa wakikasirika wakiulizwa.

Kama umezoea kukaa chini kwa sababu hakuna aliyewahi kukupa kiti, hatua yako ya kwanza inaweza kuwa kusimama na kusema jina lako.

Utakapoanguka

Utaanguka. Tena utaanguka kwa namna ya kuchekesha, kwa mfano kumsimulia mtu kwa kirefu jinsi unavyoosha masufuria kimyakimya. (Naam.) Ikitokea, rudi kwenye daftari, andika mstari mmoja, kesho alfajiri msomee Mungu, uendelee. Kujilaumu wiki nzima nako ni namna ya kujikalisha kiti cha mbele.

Daftari langu bado lina kazi. Mwenyekiti yule bado anasahau majina, si langu peke yake, nimekuja kugundua. Hata la mkewe alilisahau siku ya sikukuu ya mavuno. Ufunguo wa stoo sasa uko mikononi mwa binti wa kidato cha pili, mjukuu wa yule bibi wa mahamri. Ana daftari lake mwenyewe, la mistari na safu, na hamwachii mtu kiti mpaka hesabu ikubali.

Jumamosi iliyopita tulirudisha viti kutoka kwenye arusi. Nikahesabu haraka haraka, maana giza lilikuwa linaingia na nilitaka kuwahi feri, nikamwambia viko 150, afunge. Akapitisha kidole kwenye safu yake, akatazama marundo, akatikisa kichwa.

"Mjomba, ni 148. Hesabu tena."

Nikaweka begi chini, nikahesabu tena. Viwili vilikuwa nyuma ya tangi la maji.